Mchi wa Darasa la Afya

Fundi Talib alizungumza zaidi na mbao kuliko watu. Ukimpelekea kazi alikuitikia "naam", akakwambia "inshallah", na baada ya hapo hupati neno jingine kwake mpaka siku ya kuja kuchukua kitanda chako. Karakana yake ilikuwa chumba cha chini katika nyumba moja ya Kiponda, nyumba ambayo enzi za babu yake ilikuwa yao yote, ghorofa na ua. Sasa juu walikaa watu wengine, na yeye alibaki na karakana ile na vyumba viwili vya nyuma, wala hakuwahi kusikika akilalamika.

Maneno yote ya karakana yalikuwa ya Jecha. Jecha alikuwa mtu wa Mkokotoni, fundi wa kukereza miguu ya vitanda na ya viti, na mdomo wake ulikwenda sawa na kerezo lake. Wateja walizungumza na Jecha, walicheka na Jecha, kisha walimwachia Talib kazi.

Mkewe Talib, Bi Asila, alifariki mtoto wao wa pekee akiwa bado anang'oka meno ya utoto. Mtoto huyo ni Rawiya. Talib alimlea kwa msaada wa wanawake wa mtaani. Ya chakula na ya chuo cha Kurani aliyaweza. Ya kike yalipofika wakati wake, somo yake Rawiya, ndiye kungwi wake, Bi Sichana wa nyumba ya pili, alimchukua akamfundisha, na Talib siku hizo akawa anaingia nyumbani kwa kukohoa kutokea mlangoni. Ndivyo ilivyokuwa. Yapo mambo ambayo baba na binti yake hawayataji, hata kwa mbali, hata kwa mzaha. Mtu na haya zake.

Mapenzi yake yote kwa mwanawe yalipitia mikononi. Alimchongea kibao cha mbuzi cha kukunia nazi kilichomtosha mkono alipokuwa mdogo, akamtengenezea kikasha cha vitana, na alipoolewa na Mazin, kijana wa Malindi aliyekuwa akifanya kazi bandarini Dar es Salaam, alimtengenezea kitanda cha mfenesi ambacho watu walikuja kukitazama kabla hakijatoka. Hakuwahi kumwambia Rawiya kwamba anampenda.

Mwaka wa tisini na nne, asubuhi moja, Mazin aliingia karakana akasimama tu kando ya mlango. Alikuwa amerudi Unguja moja kwa moja, kazi ya Dar ameiacha. Alingoja Jecha atoke kwenda kununua kahawa.

"Baba, nna jambo."

"Naam."

"Rafiki yangu alipata ajali, nkenda kumtolea damu. Damu yangu wameikataa." Akatazama nje. "Nnayo maradhi haya yanayosemwa. Rawiya naye kapimwa. Yeye hana, Baba. Hana. Nimekuja kukwambia mwenyewe, usije ukasikia kwa watu. Na ukisema nimwache, namwacha leo hii. Talaka yake naiandika hapa hapa juu ya meza yako."

Talib alikuwa na patasi mkononi. Aliiweka chini polepole, kama mtu anayeweka yai.

"Mwenyewe anasemaje?"

"Nlivyomtajia talaka alinirushia sahani."

Talib alikaribia kucheka. Hiyo ilikuwa tabia ya mamake kabisa, Mungu amrehemu.

"Basi kaa na mkeo," alisema. "Lakini, Mazin…" Akashindwa kuendelea. Alitaka kusema: nakuomba unilindie mwanangu. Lakini kulisema hilo ni kulitaja jambo lenyewe, jambo la chumbani, na ulimi haukunyanyuka.

Mazin alielewa. Alikuwa kijana mzuri. Hilo Talib alilisema mpaka mwisho. "Tushaonana na Bi Mwanakheir, yule nesi," alisema, macho chini. "Ipo njia. Anaanzisha darasa la kufundisha watu. Tutakwenda sote wawili."

Bi Mwanakheir mwenyewe alifika wiki ile ile. Alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, anayefanya kazi katika kliniki ndogo njia ya Bububu. Kila mtu mjini alimjua maana nusu ya watoto wa mjini waliangukia mikononi mwake. Alivuta stuli bila ya kuambiwa kaa.

"Fundi, nna kazi, lakini usije ukaniona mwendawazimu."

"Inshallah," alisema Talib.

"Nataka mti. Wa kufundishia. Wa…" Akatazama dari. "Wa maumbile ya mwanamme."

Kerezo la Jecha lilinyamaza.

"Bi Mwanakheir anataka mchi, Talib," alisema Jecha. "Mchi wa kutwangia darasa."

"Nyamaza wewe, hayawani!"

"Mimi? Mimi nauliza kipimo tu. Fundi hafanyi kazi bila ya kipimo."

"Kipimo cha mtu wa kawaida. Si cha majigambo yako."

"Ah, basi utakuwa kijiti cha meno."

Bi Mwanakheir alicheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya buibui. Kisha akaeleza. Kwanza alijaribu kufundisha kwa ndizi. Wazee wakasema anachezea neema ya Mungu, mmoja akaichukua ile ndizi akaila pale pale. Alijaribu chupa ya soda, watu wakasema hawakuona bado mtu mwenye umbo la chupa. Ikawa kila siku ni kicheko na mtu harudi nyumbani na kitu.

"Na darasa hili si la mchezo," alisema, sasa kwa sauti ya chini. "Ni la mume na mke. Wamo ambao mmoja kaungua na mwenzake bado mzima. Hao ndio wanaoninyima usingizi. Wakijua kuuvaa huo mpira, hiyo kondomu, sawasawa, yule mzima atabaki mzima. Ni hilo tu."

Alimtazama Talib kidogo, kisha akageuza uso upesi. Talib akajua kwamba anamsema Rawiya.

Siku nyingine yoyote angekataa, na kwa wiki nzima asingepita njia ile. Siku ile alisema, "Ntaufanya."

Hakumpa Jecha akereze. Alitafuta kipande cha moyo wa mfenesi, kigumu, cha rangi ya asali, akauchonga mti huo kwa mkono mwanzo mpaka mwisho. Aliupiga msasa mkali, kisha msasa laini, kisha akausugua kwa kitambaa. Mteja akiingia, aliufukia ndani ya maranda. Siku moja Bi Sichana, yule somo yake Rawiya, alikuja kuulizia stuli yake, mguu ukakwaa maranda na mti ukabingirika mbele yake.

"Alaa, huu mchi wa kutwangia thomu?" aliuliza, akauokota akaugeuzageuza. "Mbona mzuri hivi! Niuzie, Talib. Wangu umeota ufa."

Talib aligeuka ukutani. Jecha alitoka nje mbio, na huko uchochoroni watu walimsikia akilia kwa kicheko kama mtu aliyefiwa.

Lakini usiku na mchana Talib hakuwa akicheka. Kila alipopitisha kidole kwenye mti ule kutafuta mkwaruzo, alikuwa akimwambia mwanawe yale asiyoweza kumwambia. Mti usiwe na kijiti hata kimoja cha kuuchana mpira. Uwe laini kuliko kazi yoyote aliyopata kuifanya. Watu wauone wauheshimu, wasicheke, wasikilize, wajue, na Rawiya awe miongoni mwa wanaojua.

Na kwao kazi haikutoka karakana haijanyweshwa mafuta. Hivyo ndivyo babu yake alivyomfundisha baba yake, na baba yake akamfundisha yeye: masanduku, milango, vitanda, hata kibao cha mbuzi, vyote hunyweshwa mafuta ya nazi safi, mara kwa mara, mpaka mbao ishibe na ing'are. Mti ule aliunywesha kuliko kitanda cha harusi. Na siku ya darasa, alfajiri baada ya kusali, aliupaka mara ya mwisho ili ufike unameremeta, akaufunga katika kitambaa cheupe, akapanda baskeli yake kwenda Bububu.

"Maashaallah!" Bi Mwanakheir aliunyanyua juu mbele ya dirisha. "Fundi, huu ukiuweka sebuleni mtu atadhani pambo. Kaa, kaa uone kazi yako inavyofanya kazi."

Talib akakaa benchi la nyuma, pembeni kabisa. Watu wakaanza kuingia, mume na mke, mume na mke, kila jozi ikitafuta pa kuangalia. Kisha wakaingia Mazin na Rawiya.

Rawiya alimwona. Akauvuta ukaya mpaka machoni. Talib aliinuka, akapita kando ya ukuta, akatoka bila ya kumuaga mtu. Baba hakai pamoja na bintiye mahali linapozungumzwa jambo kama lile, hata nyumba iwe inaungua. Hakuna aliyeshangaa. Hata Bi Mwanakheir hakumwita.

Lakini hakwenda mbali. Alikaa kwenye baraza la saruji nje, chini ya dirisha, akatazama baskeli yake na kusikiliza.

"Kwanza," ilikuja sauti ya Bi Mwanakheir, "soma tarehe nyuma ya pakiti. Imepita? Tupa. Pili, fungua kwa vidole. Si kwa meno, si kwa kisu. Wewe Shamsi unacheka nini? Wewe ndiye nnayekusema, nakujua ulivyo na pupa tangu siku uliyozaliwa."

Watu walicheka.

"Bana ncha hii itoke hewa. Hivi. Ukiacha hewa, utapasuka. Sasa ushuke nao polepole, mpaka chini kabisa, chini kabisa, usiishie njiani. Na ukimaliza usijilaze. Shika hapa chini, utoke nao ungali umesimama, ufunge fundo, ukautupe. Mpira mmoja, mara moja."

"Bi Mwanakheir, hauwezi kufuliwa?" Sauti ya mwanamme.

"Kufuliwa? Shati hilo?"

Wakacheka tena, na Talib kule nje akajikuta anatabasamu. Darasa lilikuwa linakwenda vizuri. Mti ulikuwa umetulia mkononi mwa mwalimu na watu walikuwa wanasikiliza.

"Mie nasikia una vitundu," alisema mzee mmoja. "Ati wadudu wanapita."

"Nani kakwambia, Mzee Makungu? Uongo huo. Basi tufanye hivi. Nauacha hapa juu ya mti, umevishwa vile vile. Tumalize maswali. Kisha nyinyi wenyewe mtauvuta, mtautia maji, muone kama unavuja."

Wakaendelea. Maswali yalikuwa mengi, na kila mmoja aliyetoa haya zake aliwafungulia wengine njia. Jua lilihama kutoka gurudumu moja la baskeli mpaka la pili. Talib alisikia sauti ya Rawiya mara moja tu, akiuliza kama mpira unaweza kuwekwa mahali pa joto, na Bi Mwanakheir akamjibu vizuri kwamba hapana, uwekwe kivulini. Talib alifumba macho. Mwanawe anauliza. Mwanawe anataka kubaki.

"Haya, mama, njoo uvute. Vuta, usiogope."

Kikasikika kimlio kidogo, mithili ya uzi kukatika.

Mabenchi yakakwaruza sakafu.

"Umepasuka!" alisema mwanamke yule. "Sikuuvuta hata!"

"Ngoja, ngoja. Labda ukucha wako. Nachukua mwingine." Karatasi ikachanwa. Bi Mwanakheir akaanza kuzungumza upesi kuliko kawaida yake, akauvisha juu ya mti ule ule, akauliza maswali mengine, akapitisha muda. Akauvua, akautia maji. Maji yakaanguka sakafuni, na Talib aliyasikia yanavyoanguka.

"Mmeona?" alisema Mzee Makungu. "Mmeona wenyewe?"

Zikawa kelele. Na katikati ya kelele Talib aliitambua sauti ya mkwewe, sauti isiyo na hasira wala ubishi, yenye kuchoka tu.

"Basi, Bi Mwanakheir, tulichokuwa tukikitegemea ndicho hichi?"

Walipotoka, Rawiya alipita mbele ya baba yake. Alisimama.

"Jua kali hapo, Baba. Usikae."

"Naam," alisema Talib.

Huo ndio mwisho wa darasa. Bi Mwanakheir alijaribu kuliitisha tena, watu hawakuja. Habari ilizagaa kutoka Bububu mpaka Mwembeladu: mipira inapasuka yenyewe, hata mtini haikai. Mti, Bi Mwanakheir akaufungia kabatini. Talib aliilaumu mipira. Aliwalaumu waliouza bidhaa mbovu kwa watu maskini. Alitaka kwenda kumwambia Mazin: hata hivyo, mwanangu, endeleeni, mbovu ni afadhali ya kutokuwa na kitu. Akaenda Malindi kwa nia hiyo hasa. Alikaribishwa kahawa na halua. Akatazama bawaba ya mlango wao, akasema imelegea, akaitengeneza, akaaga. Akaenda tena mara nyingine, akatengeneza kabati. Mkewe Mazin ni bintiye; neno lenyewe lilikataa kutoka. Mlango ulikuwa mzima, kabati zima, na yeye anarudi njia nzima akijitukana kimoyomoyo.

Mwaka uliofuata, siku moja, Bi Sichana alikuja na vigelegele tokea kichochoroni.

"Fundi Talib! Fundi! Anza kuchonga kitanda cha mtoto, weye! Rawiya ana mimba!"

Majirani wakatokeza madirishani. Jecha akampiga bega, akasema babu mpya huyu, sasa tutaona kama mjukuu atamfundisha kusema. Talib alijibu "alhamdulillahi" kama inavyompasa mtu kujibu. Kisha akarudi kwenye randa yake, akairanda mbao iliyokuwa mbele yake, akairanda, akairanda, mpaka Jecha akaja kumshika mkono, kwa sababu mbao ilikuwa imebaki nyembamba haifai tena kwa kitu.

"Talib, yakhe. Una nini? Habari ya furaha hii."

Talib aliiweka randa chini. Watu wote walikuwa wamesikia kwamba Rawiya ana mimba. Yeye alikuwa amesikia kwamba waliuacha mpira.

Kabla mimba haijakua, Rawiya alipimwa tena damu. Mazin ndiye aliyekuja, akasimama kando ya mlango pale pale aliposimama mara ya kwanza, akafungua mdomo.

"Nshajua," Talib alisema. "Nyamaza, mwanangu. Nshajua."

Mtoto alizaliwa salama, msichana, wakamwita Thuwaiba, na alipofikia umri wa kupimwa wakamkuta hana kitu. Hiyo ilikuwa rehema, na Talib aliishukuru kila sala. Lakini dawa za kuwatuliza wagonjwa hazikuwa zimefika visiwani wakati ule. Mazin alianza kupungua, akafa kabla mtoto hajajua kumwita baba. Rawiya akarudi Kiponda, chumba cha nyuma, na mwanawe. Akaanza naye kukohoa.

Bi Mwanakheir alikuja karakana mchana mmoja wa Ramadhani. Hakuvuta stuli. Alisimama.

"Fundi, ule mti uliutia nini?"

"Upi?"

"Wa darasa. Uliupaka kitu?"

"Mafuta ya nazi," alisema Talib. "Kama kazi zote."

"Lini?"

"Siku nyingi. Na asubuhi ile ile, ili ung'are."

Bi Mwanakheir akakaa chini, juu ya rundo la mbao, mwanamke mnene yule, akashika kichwa. Alikuwa ametoka kwenye semina. Walifundishwa mambo ambayo yeye hakufundishwa mwanzo, au labda alifundishwa akawa anacheka na wenzake nyuma. Mafuta huula mpira, alisema. Ya nazi, ya kula, ya mgando, yote. Huula upesi, bila ya kuonekana, na ukiuvuta tu unakatika. Mtu akitumia mpira asipake mafuta ya aina yoyote.

"Mimi niliuacha umelala ndani ya mafuta darasa zima," alisema. "Mkono wangu mwenyewe ulikuwa unateleza, nkadhani ni mafuta ya mpira wenyewe. Ile mipira ilikuwa mizima, Fundi. Haikuwa na kitundu hata kimoja."

Jecha alikuwapo. Alitazama chini, akawa anafuta kerezo ambalo halikuwa chafu.

"Laiti ningekaa ndani," alisema Talib.

"Ungekaa ndani ungefanya nini?"

"Ningeona mpira unavyong'ara." Akatazama mikono yake. "Mie najua mafuta yanavyofanya kitu. Hata kama sikujua mpira. Ningeona, ningeuliza. Nlikuwa nje."

Bi Mwanakheir alilia. Alisema kosa ni lake, yeye ndiye mwalimu. Talib akasema si lako, Bi Mwanakheir, wala hukujua. Wakasukumana kosa lile huku na huko kama watu wanaogombea kulipia chai, mpaka adhana ya alasiri ikawakata maneno. Wiki ile Talib alimchongea mti mwingine, mkavu, msasa tu, akampelekea. "Huu usitiwe kitu," alimwambia. Darasa likarudi, taratibu, na watu wachache, na siku hizi Bi Mwanakheir huanza na habari ya mafuta kabla hajafungua pakiti.

Kilichobaki kilikuwa Rawiya. Kwa siku nyingi Talib alipita mlango wa chumba cha nyuma na neno kinywani, akaingia, akanyoosha shuka, akatoka na neno lake. Mwanawe alikuwa amebaki macho na mifupa. Kama atakwenda bila ya kujua nini kilichomuua, basi babake atakuwa amemdanganya mpaka kaburini. Na kama atamwambia, itabidi amtajie mpira, kitanda chake na mumewe, yeye babake, kwa kinywa chake.

Ilikuwa asubuhi, mtoto amechukuliwa na Bi Sichana. Talib aliingia na bakuli la uji, akakaa juu ya mkeka kando ya kitanda, kitanda kile kile cha mfenesi walichokirudisha kutoka Malindi.

"Rawiya."

"Naam, Baba."

Akamwambia. Alisema yote, mti na mafuta ya asubuhi ile na alivyokaa nje chini ya dirisha. Neno la mpira lilipofika alilisema, na alilisema tena. Hakupata kusema maneno mengi hivyo mfululizo tangu azaliwe, si kwake wala kwa mtu mwingine. Alikuwa akizungumza na mkeka.

"Mipira haikuwa na ila," alimaliza. "Mimi ndiye nliyeipasua, mwanangu. Kwa mkono wangu. Na nyinyi mkaiacha."

Rawiya alikuwa amejifunika uso kwa khanga. Talib hakujua kama ni aibu ya kusikia maneno yale kutoka kwa babake, au analia, au amechoka tu. Alingoja. Nje mtu alikuwa anapita akiuza samaki, akapita, sauti ikapotea.

Rawiya akaishusha khanga.

"Si wewe, Baba. Mazin hakuwa akiutaka mpira tangu mwanzo. Hata kabla ya siku ile ya darasa. Tulipotoka pale hatukubadilisha kitu. Ungepasuka usingepasuka ni mamoja. Si mti wako."

Aliyasema upesi, kwa pumzi moja, macho kwenye ukuta. Alipokuwa mdogo, akivunja kikombe, alikuwa akisema ni paka, na alikuwa akisema hivyo hivyo: upesi, pumzi moja, macho ukutani. Talib alimjua mwanawe. Na aliijua sauti ya Mazin ilivyokuwa siku ile, alivyouliza swali lake kama mtu aliyenyang'anywa kitu mkononi.

"Kumbe," alisema Talib.

"Ndiyo, Baba."

"Basi mie sikujua."

"Sasa ushajua. Usijitie uchungu bure." Akavuta pumzi, ikamkwaruza. "Nipe huo uji, utapoa."

Siku zile chakula kilikuwa hakimshuki. Vijiko viwili tu na anageuza uso. Asubuhi ile Talib alimnyanyua kichwa kwa mkono mmoja akamlisha kwa mwingine, na Rawiya akanywa kijiko baada ya kijiko, akimeza kwa taabu, jasho likimtoka kwenye paji la uso, asimtazame babake, asisimame. Alikunywa mpaka chini ya bakuli, ili ionekane kwamba ni siku ya kawaida na hakuna lililotokea. Na Talib naye akamlisha mpaka chini ya bakuli, kwa sababu hakuwa na kitu kingine cha kumpa isipokuwa kuuamini uongo wake mbele ya macho yake.

Alimfuta mdomo, akamlaza, akatoka kwenda karakana na bakuli tupu mkononi.

Jecha alisimamisha kerezo. "Umemwambia?"

"Nimemwambia."

"Kasemaje?"

"Kasema si mimi," alisema Talib.

Akakaa juu ya mbao, bakuli mapajani, na Jecha akaliacha kerezo, akaja akakaa kando yake.